Masama Hakuna Aliyepoteza Mimba

Mlango ulikuwa wa kioo chenye ukungu, aina ile inayokuonyesha kivuli cha mtu ikakunyima uso wake. Nilisimama mbele yake nimepakata mtoto mchanga, analia kama anayechunwa ngozi. Ndani, kivuli cha mkamwana wangu Elisifa kilikuwa kimesimama peke yake. Vivuli vingine vyote vilikuwa vimekaa. Nilishakunja kidole. Kilibakiza upana wa punje ya mahindi kugusa kioo.

Nikigonga, Elisifa atatoka, na akitoka kazi yake imekwenda. Nisipogonga, sijui mtoto huyu atafika wapi na kilio hiki.

Watu wa Masama, kijijini kwetu, watakuambia Sifael hasemi kweli, na hapo watakuwa wamesema kweli. Nilikuwa mpishi wa wapanda mlima tangu ndevu zangu hazijaota mpaka zilipoota mvi. Mpishi wa mlimani asiyejua kutunga atawapa nini wageni? Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto, maharage yanagoma kuiva, baridi inamtafuna mtu mpaka kwenye uboho. Basi unawapa maneno. Niliwaambia Wajerumani kwamba nimemfundisha kunguru kuosha sufuria. Nilimwambia Mswidi mmoja kwamba nilishuka na bonge la barafu kichwani kutoka kilele cha Kibo hadi soko la Bomang'ombe, likafika likiwa bado na unyayo wa chui. Kiingereza nilijifunza kwa kusoma mikebe ya samaki, udaktari nilijifunza kwenye karatasi za ndani ya vidonge, na kila nilichosoma nilikiongezea chumvi kidogo kisiharibike.

Lakini pale mbele ya kioo sikuwa na neno.

Elisifa aliolewa na mwanangu Gidioni, ambaye naye ni wa mlimani, ila yeye anaongoza wageni, hapiki. Elisifa mwenyewe alikuwa mtafiti katika kituo kimoja pale Moshi. Alichokuwa anakitafuta ni kile kinachofanya ng'ombe wetu watupe mimba. Unamwona ng'ombe mzima, ananenepa, halafu asubuhi unakuta ndama chini kwenye majani, hajafikia kuota manyoya. Mama mwenye zizi anaingia, anamshika kwa mikono mitupu, anasafisha, jioni anakamua, watu wanakunywa. Elisifa alisema ugonjwa huo haubaki zizini. Unamfuata yule mama mpaka kitandani: homa ya kupanda na kushuka, viungo kuuma, na mimba yake naye inatoka. Na kwetu huku mlimani, ng'ombe ni wa nani? Baba anamtaja baani, mama anamkatia majani.

Wazo lile hakulitoa kitabuni. Mimba zake mbili za kwanza zilitoka zote, na baada ya ile ya pili ndipo alipoanza kuwauliza wanawake wengine, taratibu, huku akipima damu zao na maziwa ya ng'ombe wao. Alipigana kituoni mpaka wakakubali kwamba swali lile ni swali.

Ya tatu ilishika. Mtoto akazaliwa wakati wa mvua za masika, wa kike, na kama ilivyo desturi akachukua jina la bibi yake mzaa baba, Monica. Monica, mke wangu, alikuwa ameshalala kwenye kihamba, shamba letu la migomba, tangu mwaka uliotangulia. Kwa kuwa mama mkwe hayupo, aliyekuja kulea uzazi ni dada yangu mkubwa, Aikande.

Uzazi wa Kichagga hauna mchezo. Miezi mitatu mama hatoki nje. Hagusi maji ya baridi, hashiki jembe wala ufagio. Analetewa mtori wa ndizi na nyama, analetewa mlaso, damu ya mbuzi iliyopikwa kwa siagi na maziwa, mpaka mashavu yang'ae. Wanawake wa kijiji wanaingia kumwona mtoto na maziwa yao na ndizi zao. Mwanamume asiye mume wake haingii, na baba mkwe ndiyo kabisa, kizingiti kile kwake ni ukuta. Mimi nilikuwa nazungumza na mkamwana wangu kupitia mbao za chumba, nimekaa kibarazani, yeye ndani.

"Baba," aliniita siku moja. "Uko hapo?"

"Nipo. Namsimulia mjukuu wangu habari ya nyati niliyemwazima koti."

Hakucheka. "Profesa amepiga simu. Alhamisi wafadhili wanakuja kuchagua nani ataongoza utafiti ule, na huyo ndiye watakayemsomesha uzamivu. Ameniambia nipumzike, Calvin atanisemea."

"Calvin ndiye nani?"

"Kijana niliyemfundisha kutoa damu." "Nisipokuwepo wanampa. Baba, mimi siombi ruhusa. Naomba usafiri."

Gidioni alikuwa mlimani na wageni, simu yake haipatikani. Mwenye ruhusa pale nyumbani alikuwa Aikande, na kumwomba Aikande ruhusa ni kama kumwomba jabali lisogee upite.

Hapo ndipo nilipofanya hila moja ambayo sikuwahi kuifanya maishani: nilisema kweli. Alhamisi asubuhi, Aikande yuko uani ananoa panga la kukatia majani, nikamwambia, "Dada, leo nampeleka Elisifa na mtoto Moshi, kwa gari la Shedrack la maziwa."

Aikande alicheka mpaka akajishika kiuno. "Na mimi naenda kuposwa na chifu! Mwongo we! Hujachoka tu na uzee wote huo?" Akaweka kamba begani, akashuka porini kutafuta majani. Nilimsikia akicheka mpaka anapotelea migombani.

Tukatoka. Elisifa alivaa blauzi ya bluu aliyoipasi mwenyewe kwa siri, akajifunga khanga mbili juu yake. Shedrack, jirani yangu, alitazama mbele tu kama mtu anayebeba maiti ya watu. Mvua ilikuwa inamwaga. Chini ya msikiti gari likazama kwenye tope hadi kwenye ekseli, tukasukuma mimi na Shedrack na wapita njia, madebe ya maziwa yanagongana nyuma, na Elisifa ndani amemkumbatia mtoto, midomo inacheza. Nilidhani anasali. Nilipokaribia dirisha nikasikia anarudia atakayoyasema mbele ya wageni, kwa Kiingereza, tena na tena, sauti inakatika kila gari linapotikisika. Tulipofika lami ya Bomang'ombe alinipa chupa ya maziwa aliyojikamua. "Akilia mpe hii. Hatakataa."

Alikataa.

Mama yake alipoingia kikaoni pale kituoni, alikataa chupa, akakataa kijiko, akakataa kidole changu. Mlinzi akaja. "Mzee, shikamoo. Mtoe nje huyo mtoto, kuna wageni." Nje mvua. Nilizunguka korido ile nikimwimbia nyimbo za kubebea mizigo, nikamsimulia habari ya kunguru, habari ya nyati, habari zote. Alinitazama kwa macho ya kweli kabisa, akaendelea kulia. Kisha kilio kikaanza kupungua, kikawa kikwaruzo, na hicho ndicho kilichonitisha. Mtoto anayelia kwa nguvu bado ana tumaini na watu. Ndipo nikakunja kidole mbele ya kioo.

Sikugonga. Ninaapa kwa kaburi la mama yangu, na kiapo hicho sijakitumia kwenye hadithi yoyote nyingine.

Kivuli kilichosimama kilitulia ghafla. Mlango ukafunguka, Elisifa akatokea, na kwenye kifua cha blauzi ya bluu kulikuwa na madoa mawili ya maji yanayotanuka. Maziwa yalikuwa yamesikia kabla yake. Alimchukua mtoto bila kunitazama, akakaa kwenye benchi la korido, akamnyonyesha hapo hapo, anahema kama aliyepanda Kibo kwa mbio.

"Nimefika kwenye matokeo," alisema, sijui ananiambia mimi au ukuta. "Nimebakiza matokeo tu."

Profesa akatoka. Nilitegemea mtu mkali. Kumbe ana uso wa baba wa ubatizo. Akainama, akamshika mtoto mguu. "Hongera sana, mama. Ana kifua kizuri huyu. Sasa usijisumbue, eh? Pumzika na mtoto. Calvin atamalizia." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomaliza kila kitu. Mtu akikutukana unapata pa kumshika. Kijana mrefu akapita nyuma yake kuingia ndani, kichwa chini, na mlango wa kioo ukafungwa, na baada ya muda tukasikia matokeo ya Elisifa yakisomwa kwa sauti ya kiume.

Tuliporudi, Aikande alikuwa amesimama uani, mzigo wa majani bado uko kichwani, maji yanamchuruzika usoni.

"Kumbe ulisema kweli," aliniambia. "Maisha yako yote, Sifael, umechagua leo."

Mtoto alishikwa na kikohozi. Elisifa alishikwa na kitu kisicho na jina kwenye duka la dawa. Alijilaza akielekea ukutani. Mtori ukaingia umejaa ukatoka umejaa, mlaso ukaganda bakulini. Maziwa yakaanza kupungua, na kilio cha mtoto nacho kikarudi, kile cha kikwaruzo. Aikande alikuwa amejiandaa kusema "nilikuambia" kwa wiki nzima. Siku ya tatu aliacha. Nilimwona jikoni akipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Gidioni alishuka mlimani, akaingia ndani, akatoka, akakaa kwenye ngazi na mikono yake mikubwa haina kazi. "Nimemwambia kuna mwaka mwingine," alisema. "Baba, amenitazama kama simjui." Siku chache baadaye wageni wengine walifika, akapanda tena.

Jioni moja Elisifa aliniita kupitia mbao. Nilifurahi, maana alikuwa hajaniita tangu Moshi.

"Baba. Ng'ombe akikauka, huwa mnampeleka wapi?"

Tunampeleka Bomang'ombe, mnadani. Kila mtu anajua. "Tunamwacha apumzike," nilisema. "Tunamfunga chini ya mparachichi, anakula mpaka anazeeka."

Akajibu taratibu sana, "Mwongo."

Nilikaa pale mpaka giza likashuka kabisa, nikitafuta hadithi ya kumtoa mtu pale alipokuwa. Sikuipata. Nimewatuliza watu wazima waliodhani wanakufa kwa kukosa hewa kule kambi ya Barafu, nikawachekesha mpaka wakala. Huyu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu nyuma ya ubao, nami sina la kumpa.

Calvin alifika mwezi wa pili wa uzazi ule. Alikuja Masama na sanduku lake la barafu, akaweka meza kwenye uwanja wa kanisa, wanawake wakapanga foleni baada ya ibada. Siku mbili alifanya kazi. Ya tatu akapanda kwangu, viatu vimejaa udongo mwekundu, akasimama mbali na kibaraza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesoma mambo ya watu nyuma ya kioo."

"Ndiyo mimi." Hakujitetea, hapo akanipunguzia hasira bila ruhusa yangu. "Babu, nimekwama. Damu wananipa vizuri, wanakunja mikono wenyewe. Ila nikiwauliza kama wamewahi kupoteza mimba, wote wanasema hapana. Wote kabisa! Wanawake wa Masama nzima, hakuna aliyepoteza mimba hata moja. Damu bila majibu haina maana. Profesa amesema kama ndivyo ilivyo, swali lenyewe halikuwa swali. Wanafunga utafiti mwisho wa mwezi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza tangu Moshi. Mimi nimekaa nikidhani ndimi mwongo wa Masama, kumbe nilikuwa mwanafunzi tu. Kijana wa watu kaweka meza kwenye uwanja wa kanisa, kalamu mkononi, mama mkwe wa mtu yuko nyuma kwenye foleni, mke wa shemeji yake yuko mbele, halafu anauliza kwa sauti! Kwetu mimba iliyotoka haitajwi mbele ya mwanamume, hata aliyeitia. Inazikwa na wanawake, inabaki kwa wanawake.

"Hata dada yangu umemuuliza?" nilisema.

"Bibi Aikande? Aliniambia, 'Mjukuu wangu, mimi tumbo langu ni chuma.'"

Aikande alikuwa mlangoni mwa jiko. Akageuka akaingia ndani bila neno.

Ndipo sauti ikatoka kwenye mbao, imekwaruza kama mlango wa zizi usiofunguliwa siku nyingi. "Calvin. Uliwaulizia wapi?"

Kijana aliruka. "Dada Elisifa! Uwanjani, kanisani."

Tulisikia kitanda kikilia. Mtu alikuwa anakaa.

"Waambie waje kumwona mtoto," alisema. "Mmoja mmoja."

Aikande alitoka jikoni na mwiko mkononi, akajisimika mlangoni pa chumba. "Hapa si hospitali. Hapa ni uzazi."

"Ndiyo, shangazi," ilijibu sauti. "Ndiyo maana."

Sijui Aikande aliona nini alipotazama ndani. Mimi siruhusiwi kutazama. Najua tu kwamba alisimama pale muda mrefu, mgongo wake mpana umejaza mlango wote, kisha akasema, "Utakula kwanza." Na bakuli la mtori lilipotoka, lilikuwa tupu.

Wakaja. Walikuja na vibuyu vya maziwa, na ndizi, na mayai ndani ya pochi, wakasalimia kibarazani kana kwamba hawakumwona Calvin, ambaye alikuwa amekaa nami kwenye benchi, amekatazwa hata kunyoosha shingo. Aliyetoka alimpa Calvin namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi ili damu na maneno visipotezane, akajifuta uso na ncha ya khanga, akaondoka. Wengine walikaa ndani muda wa kuivisha chungu cha maharage. Kuna aliyelia kwa sauti. Kuna aliyecheka pamoja na Elisifa, kicheko cha ajabu, cha chini chini. Mtoto alinyonya katikati ya yote hayo, na kikohozi kikaisha bila mtu kutambua ni siku gani.

Msidhani mambo yalinyooka. Mwaka ule nafasi hakupewa. Utafiti haukufungwa, basi. Kazi ilipochapishwa jina la kwanza lilikuwa la Profesa. La Elisifa likawa la pili, na hata hilo ni kwa sababu Calvin aligoma kutia lake mpaka la dada Elisifa liingie. Uzamivu ameuanza sasa, umri umekwenda, mtoto anakimbiza kuku uani, na bado kuna vikao vinavyopangwa jioni, saa ambayo mwenye mtoto hawezi kufika, na bado anaambiwa apumzike. Anarudi Ijumaa uso umekunjamana kama kitambaa cha jikoni. Kuna siku anaapa hatarudi Jumatatu. Mimi namwandalia mtori sasa kwa mikono yangu, waseme watakayo.

Lakini nilitaka kuwasimulia ile siku ya mwisho ya kibarazani.

Wanawake walikuwa wamekwisha. Calvin alikuwa anafunga sanduku lake. Aikande alifagia kibaraza, akapafagia tena pale pale alipotoka kufagia, akaegemeza ufagio, akaingia chumbani hana kitu mkononi. Akafunga mlango.

"Haya, niulize."

"Shangazi, si lazima."

"Niulize kama ulivyowauliza wenzangu."

Alizungumza kwa muda. Sitasema aliyoyasema juu yake mwenyewe, ni yake. Nilikaa nikitazama migomba, nikashangaa kwamba mtu unaweza kunyonya ziwa moja na mtu na usijue.

Kisha akasema, "Mwandike na Monica."

"Mtoto?"

"Mama mkwe wako. Kabla ya Gidioni, wawili. Huyu aliyekaa hapo nje alikuwa huko juu anawapikia wazungu wake. Akirudi anamkuta mke anafagia, anaanza kumsimulia chui. Nilimsaidia kuzika mimi, kule nyuma, kwenye migomba ya chini. Akaniapisha nisimwambie. Alisema, Sifael akijua, siku moja atalifanya hadithi."

Mtoto alipiga chafya. Kisha nikasikia sauti ya Elisifa, na haikuwa ile ya ukutani, ilikuwa ile ya kazini, iliyonyooka, inayotaka kujua:

"Alikuwa na homa kabla, shangazi? Jaribu kukumbuka. Homa ya jioni, inapanda, inashuka?"

"Alikuwa nayo," alisema dada yangu. "Alikuwa nayo sana."

Calvin aliniinamia. "Babu," alinong'ona, "unasikia wanayosema?"

"Sisikii, mjukuu wangu," nilimwambia. "Masikio haya ni ya mapambo tu. Yenyewe niliyapoteza mlimani kwa baridi, mwaka ule theluji ilipoanguka mpaka Machame."

Alinitazama kidogo. Kisha akasogea mwisho wa benchi, akaniachia nafasi iliyo karibu na mbao za chumba.